Ubao wa Kumi na Moja

Siku ya kupiga picha, Mjomba alipakwa poda mara tatu kabla hajaruhusiwa kugusa gemu. Ya kwanza ilikuwa ya kukausha jasho, ya pili ya kurekebisha ya kwanza iliyompausha, na ya tatu ni kwa sababu mpiga picha alisema uso ule bado unang'aa kama wa mtu aliyetoka kula. Mjomba alitulia kitini, mikono mapajani, akivumilia kama mtoto anayekatwa kucha. Kisha mpiga picha akarudi nyuma hatua mbili, akalaza kichwa upande, akasema jambo lililomkera Bi Vitufe, mpwa wa Mjomba.

"Tatizo macho yake hayaoneshi. Ukimtazama hivi unaweza kudhani anaona. Hakuna miwani nyeusi hapa?"

Miwani ikaletwa. Ilikuwa ya mtu fulani wa idara ya masoko, na vioo vyake vilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta. Mjomba, ambaye katika miaka minane ya kutoona hakuwahi kuvaa miwani nyeusi hata siku moja, akavishwa. Akaombwa ainue kidevu. Akaombwa pia, kabla hajaishika pedi ya kuchezea, aipapase kwanza meza, kana kwamba hajui pedi ilipo.

"Lakini najua ilipo," Mjomba akasema. "Mmeiweka sasa hivi, nimeisikia."

Watu wakacheka kile kicheko cha upole cha kumchekea mtoto wa mwenye nyumba. Mpiga picha akaomba tena. Mjomba akapapasa meza.

Bi Vitufe alikuwa amesimama nyuma ya taa, na pale pale angeweza kusema basi, imetosha. Hakusema. Alijikaza kisabuni, akajiambia kwamba poda huoshwa na miwani huvuliwa, na kwamba kitu muhimu siku ile ni Mjomba kulivuka daraja la ndani ya gemu tu.

Jina la Bi Vitufe alipewa kazini, mwezi wake wa kwanza. Kampuni ilitengeneza gemu za kompyuta na za runinga, naye aliajiriwa kama mbunifu wa ufikivu, yaani mtu wa kuhakikisha kwamba gemu inachezeka na asiyeona, asiyesikia, mwenye mkono mmoja, au mwenye vidole vinavyotetemeka. Vita vyake vya kwanza vilikuwa vya kutaka kila mchezaji ajipangie mwenyewe kitufe kipi kifanye nini. Alivipigania vitufe hivyo wiki sita, mpaka wenzake wakachoka, wakampa vitufe na jina juu yake. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na bado aliamini kwamba watu wakielezwa jambo vizuri watalielewa, na wakilielewa watalitenda.

Gemu yenyewe iliitwa Tarishi. Ndani yake kuna mwanamke anayebeba barua katika mji uliobomolewa na tetemeko, akipenya kwenye vifusi na kuruka mapaa yaliyopasuka. Kwa mwaka na miezi miwili Bi Vitufe aliutengenezea mji ule sauti, ili mtu asiyeona aweze kuupita: ukuta una mvumo wake, shimo lina mwangwi wake, mlango ulio wazi unapumua. Aliyemjaribia kila sauti alikuwa Mjomba, kaka yake mama yake, aliyekuwa fundi redio mpaka presha ya macho ilipomfungia karakana. Mjomba hakuwa mtu wa kubembeleza. Akipewa sauti mbovu alisema mbovu. "Umeongeza kelele tu, mpwa wangu," angesema. "Mimi sikwambii nisikie zaidi. Nakwambia nisikie tofauti." Naye alirudi ofisini akafuta kazi ya wiki nzima, akaanza upya, na kweli ikawa bora.

Pakabaki daraja la kamba, hatua ya mwisho. Lina jozi ishirini za mbao, na katika kila jozi ubao mmoja ni mzima na mwingine umeoza. Tarishi hugonga kwanza kwa fimbo, kushoto na kulia. Mzima hulia kavu, uliooza hulia kama boga lililoharibika. Mchezaji anasikiliza, anachagua, anakanyaga. Ni jambo jepesi, ila pale darajani kulikuwa pia na upepo, mvua na radi, na mashine ikielemewa na sauti zote hizo, mlio wa fimbo ulichelewa. Ulichelewa kidogo mno, theluthi ya sekunde. Mwenye macho hakuhisi kitu. Anayetegemea masikio alikuwa ameshasukumwa na upepo, yuko hewani, ndipo anapoambiwa ubao upi ulikuwa mzima. Mjomba alianguka pale miezi mitatu mfululizo. Mwandika programu, aliyeitwa Babu, aliahidi kulitengeneza kabla ya siku ya picha.

Na siku ya picha, na poda yake na miwani ya watu usoni, Mjomba akavuka daraja mara ya kwanza tu.

Chumba kizima kilipiga makofi. Mjomba alisimama, akauliza mara mbili kama ni kweli amefika ng'ambo, akakaa, akasimama tena. Bi Vitufe alilia bila haya. Alimkimbilia Babu, akamkumbatia shingoni, akamshukuru kwa kuwa ametimiza ahadi. Babu alinukia biskuti na jasho la siku mbili, naye hakumtazama machoni. Bi Vitufe alidhani ni aibu ya kusifiwa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alikuwa na desturi moja ambayo wenzake waliiona ya kichaa. Kila baada ya jaribio alichukua kumbukumbu ya vitufe, ile orodha inayoonesha mchezaji alibonyeza nini na sekunde gani, akaiweka kando ya picha ya mchezo, akavitazama vyote viwili polepole. Huko, alisema, ndiko mtu anakoonekana hasa: wapi alisita, wapi aliogopa, wapi alikisia tu. Jumanne asubuhi akakaa na kikombe chake kuangalia jinsi Mjomba alivyovuka.

Kwenye ubao wa nne Mjomba alibonyeza kushoto. Tarishi akaenda kulia, kwenye ubao mzima.

Bi Vitufe akadhani orodha imesogea. Akaipanga upya, akarudia. Ubao wa nne, kushoto, Tarishi kulia. Ubao wa saba, vivyo hivyo. Akafika ubao wa kumi na moja. Kwenye picha ya kamera, Mjomba alikuwa ameuondoa mkono mmoja kwenye pedi, ameuingiza chini ya ile miwani na kujikuna pua, poda inamwasha, na mkono wa pili umelegea. Kwenye orodha hapakuwa na kitu. Sekunde nne tupu. Na katika sekunde hizo nne Tarishi aligonga, akasikiliza, akageuka kushoto, akakanyaga, kama binti aliyelelewa vizuri asiyehitaji kutumwa.

Akafungua daftari la mabadiliko, mahali ambapo kila mwandika programu huacha alama ya alichogusa. Kazi ya mwisho ilikuwa ya Jumapili mchana, ya Babu, mstari mmoja. Ulikuwa na jina na amri. Jina lilikuwa "beba_kipofu" na amri ilikuwa "washa".

Aliusoma mara mbili. Akasukuma kikombe mbali kwa sababu hata harufu ya chai ilikuwa imebadilika.

Babu alikuwa mezani kwake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja tu. Jina alilipata kwa sababu ya mgongo wake uliopinda. Kibodi yake ilikuwa na makombo ya tangu mwaka jana na vitufe vyake viling'aa kwa mafuta, na Bi Vitufe, ambaye hakuwahi kuyajali mambo hayo, siku hiyo aliyaona yote. Babu hakukana. Alisema kuchelewa kule kumemshinda, ndani kabisa kumeoza, kunataka miezi. Alisema hakupenda mzee wa watu aaibike mbele ya kamera. Alisema hayo akikung'uta biskuti juu ya suruali.

"Na jina hilo?" Bi Vitufe akauliza.

"Jina tu. Nani ataliona?"

"Mimi nimeliona."

Babu akakuna shingo. Akasema, kwa unyonge wa kweli, kwamba si yeye mwenyewe Bi Vitufe anayewahubiria kila siku wawasaidie hawa watu? Basi, amesaidia. Bi Vitufe akamweleza kwamba misaada ipo, imo kwenye orodha ya mipangilio: kupunguza upepo, kupanua mbao, kuongeza muda. Mchezaji anaiona, anaichagua, anaizima akitaka. Mjomba aliulizwa kama anaitaka.

"Akakataa, Babu. Aliulizwa akakataa."

Babu akasema hayo akayazungumze na Kaka Tarehe.

Kaka Tarehe alikuwa meneja wa mradi. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuna sentensi aliyoimaliza bila kutaja siku gemu itakapotoka. Watu walisema hata harusi yake aliiita uzinduzi. Alikuwa mtu msafi. Mezani pake palikuwa na chupa ya dawa ya mikono yenye harufu tamu ya pipi, na alijipaka kila dakika chache, akisugua vidole kimoja kimoja huku anakutazama kwa huruma. Alimsikiliza Bi Vitufe mpaka mwisho. Kisha akamwambia asipaniki, kwa sababu ule mstari wa Babu hautaondolewa, unatoka na gemu. Kila atakayewasha sauti za wasioona, atabebwa darajani. Kutengeneza kule kuchelewa ni miezi mitatu, na tarehe ni tarehe.

"Hawa watu wanataka nini?" akaendelea, akijipaka. "Wanataka kuonja tunachoonja sisi. Tumewaonjesha. Mjomba wako alifurahi, hakufurahi?" Akainama mbele, akashusha sauti kama mtu anayekugawia siri tamu. "Na asiyeona akishinda, dada yangu, atajuaje kwamba hakushinda?"

Alitabasamu. Hakuwa anatania, wala hakuwa na ubaya usoni, na hilo ndilo lililomtia Bi Vitufe kinyaa kupita yote.

Akakumbushwa la Jumamosi. Chama cha wasioona kilikuwa na mkutano, na kampuni ilikuwa imealikwa. Chama kikiridhika, kitatoa muhuri wake ubandikwe kwenye gemu, na atakayesimama kuitolea ushuhuda ni Mjomba. "Watamwamini mwenzao," Kaka Tarehe akasema. "Wewe muache na furaha yake, usije ukamwaga mtama." Akampa mkono. Bi Vitufe aliupokea, kwa kuzoea tu, akaenda chooni akanawa mara tatu, na ile harufu ya pipi ikabaki kwenye kiganja mpaka jioni.

Alikusudia kumwambia Mjomba siku hiyo hiyo.

Lakini alipofika nyumbani alimkuta sebuleni amekaa kifua mbele, anamsimulia dada yake, mama yake Bi Vitufe, kwa mara ya pili au ya tano, jinsi alivyovuka. Asubuhi alikuwa amemsimulia kinyozi. Mchana alimsimulia jirani, tena akaikataa ile tabia ya jirani ya kuuliza "anaendeleaje?" kwa kumwelekea Mama wakati mwenyewe yupo. "Niulize mimi," alikuwa amesema. "Masikio ninayo." Miaka minane watu walikuwa wakimzungumzia kana kwamba hayupo, anataka sukari?, amelala vizuri?, na miaka minane Mjomba alikuwa akiwaachia. Tangu Jumatatu alikuwa hawaachii.

Basi Bi Vitufe akajiambia, kesho.

Jumatano upepo wa darajani uliongezeka. "Kaka," Mama akasema, "jana ulikuwa upepo, leo kimbunga. Kesho utatuambia kulikuwa na mamba."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, ndiyo maana nauliza habari za mamba."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Halafu akawa makini, akasogea mbele kitini. Akasema ubao uliotaka kumuua hasa ni wa kumi na moja. Pale radi ilikuwa inapiga, kila kitu kinagongana. Mtu mwingine angekimbilia. Yeye alisimama. Alijituliza, akatega sikio mpaka akazisikia mbao zenyewe, moja hii, moja hii, ndipo akaenda kushoto. Na alipolisema neno kushoto, mkono wake ulijongea hewani, taratibu, kwa uhakika wa mtu aliyewahi kushika waya wenye umeme.

Bi Vitufe alikuwa amesimama na birika. Aliona zile sekunde nne tupu, kidole chini ya miwani, pua inakunwa. Akammiminia Mjomba chai, akamwekea na sukari, akasema, "Hongera, Mjomba," kisha akaenda kusimama jikoni mbele ya ukuta. Kilichomchafua roho wakati huo hakikuwa Babu wala Kaka Tarehe. Kilikuwa sauti yake mwenyewe ikisema hongera, jinsi ilivyotoka laini.

Alhamisi akasimuliwa tena. Akamimina tena.

Ijumaa aliomba ruhusa akatoka kazini mapema. Mjomba alikuwa amemtaka ailete gemu nyumbani, afanye mazoezi, maana kesho huenda chama wakamwomba awaoneshe. Kutoa nje gemu ambayo haijatoka kulikatazwa kabisa. Aliitia kwenye mkoba akaitoa. Njia nzima alitafuta namna ya kumwambia. Angeweza kuuzima ule mstari wa Babu kimyakimya, Mjomba aanguke, afikiri bahati imemwacha, akatae kwenda kesho, yaishe. Hiyo ilikuwa njia nyororo, naye aliigeuzageuza mpaka alipofika mlangoni, akagundua inanukia pipi.

Akaunganisha runinga. Mjomba akashika pedi, akapita vifusi, akapita mapaa, akafika darajani, akavuka. "Umeona?" akasema. "Nimeshalijua."

"Anza tena, Mjomba. Hapo hapo mwanzo wa daraja."

Akaanza.

"Sasa weka pedi mezani."

"Niiweke kwa nini?"

"Iweke tu, Mjomba. Tafadhali."

Mjomba akaiweka. Mikono yake ikabaki hewani, mitupu, juu ya meza. Na sebuleni kukasikika upepo, mvua, kisha fimbo: ikagonga kushoto, ikagonga kulia. Hatua. Fimbo tena. Hatua. Tarishi alikwenda bila kusukumwa na mtu, ubao baada ya ubao, na Mjomba alizihesabu zote ishirini, midomo yake inacheza bila sauti. Mwisho muziki wa ushindi ukapiga. Ukapiga wote, maana hapakuwa na wa kuuzima.

Mama alikuwa amekuja mpaka mlango wa jikoni. Hakuingia.

"Jumatatu pia?" Mjomba akauliza.

"Jumatatu pia."

Akachukua leso mfukoni, akaanza kujifuta vidole, kimoja kimoja, kama aliyeshika kitu kilichooza. "Nilipapasa meza," akasema. "Waliniambia nipapase meza wakati najua pedi ilipo, na mimi nikapapasa. Nikasema potelea mbali, ili mradi daraja." Akakunja leso. "Umejua lini?"

"Jumanne asubuhi."

"Jumanne." Akafikiri. "Jumanne nilikusimulia. Jumatano nikakusimulia. Jana. Ukawa unanisikiliza."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ukanimiminia na chai."

Bi Vitufe alisema, akilia, kwamba aliogopa kumvunja moyo.

"Hata wao wangesema hivyo hivyo," Mjomba akajibu, bila kupandisha sauti. Akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu kabisa. Bi Vitufe alitamani angeubamiza.

Asubuhi hakuna aliyemwita Bi Vitufe. Alidhani Mjomba hatakwenda. Kisha akasikia fimbo yake ukumbini na sauti yake ikimwambia Mama: "Mwambie fundi alete mashine yake." Fundi sasa alikuwa yeye. Mama akamsindikiza mpaka njiani, lakini Mjomba alikwenda mbele peke yake, anagonga ukingo wa barabara, nao wakafuata nyuma hatua kumi.

Ukumbi wa chama ulikuwa na viti vya plastiki na watu kama arobaini. Kaka Tarehe alishafika, amesimamisha bango refu lenye picha ya Mjomba: kidevu juu, miwani nyeusi, poda. Bango lilisimama mbele ya watu ambao karibu wote hawakuweza kuliona, na halikumsumbua mtu isipokuwa Bi Vitufe, ambaye lilimsumbua kwa niaba ya watu wote arobaini. Filamu ikachezwa. Ilianza kwa vinanda vya kuhuzunisha na sauti nene ikisema habari za giza.

"Kwani nani amekufa?" mzee mmoja wa nyuma akauliza.

Ukumbi ukacheka, na Kaka Tarehe naye akacheka, amechelewa kidogo. Filamu ikafika darajani, makofi yakasikika. Katibu wa chama, mama mnene mwenye sauti ya mwalimu, akamkaribisha Mjomba kwenye kipaza sauti, akamwita shujaa wetu.

Mjomba alikishika kile kipaza sauti. "Nilidhani nimevuka," akasema. "Sikuvuka. Walinibeba na hawakuniambia. Aliyetengeneza sauti yuko hapa, muulizeni yeye." Akakaa.

Bi Vitufe alitembea mpaka mbele. Alieleza yote kwa maneno mepesi: daraja, mlio unaochelewa, mstari wa programu na jina lake. Alipolitaja jina, mtu mmoja mbele alisonya. Kaka Tarehe akasimama, akaanza kusema kwamba hicho ni kipengele maalumu kilichobuniwa kwa ajili ya... Katibu akamkata. "Subiri, kaka. Zamu yako ilishapita." Bi Vitufe akaendelea, akasema na la mwisho: kwamba yeye aliligundua Jumanne, akanyamaza mpaka Ijumaa, wakati Mjomba anamsimulia. Angeweza kuliacha hilo. Aliona likibaki ndani litaoza.

Hakuna aliyemwonea huruma, wala hakuna aliyemtukana. Walimuuliza maswali. Unachelewa kiasi gani? Theluthi ya sekunde. Mvua ikizimwa? Unachelewa nusu ya hapo. Na huko kubebwa, mchezaji anakuzimaje?

"Hawezi. Hajui kwamba kupo."

Msonyo wa pili ukatoka pembeni, wa tatu nyuma, halafu ukumbi wote ukasonya, msonyo mrefu wa pamoja, kama maji yanapomwagwa kwenye jiko la moto. Katibu aliufungua mkoba wake, akautia muhuri wa chama ndani, akavuta zipu.

Kaka Tarehe alikunja bango lake. Akipita alimwambia Bi Vitufe kwa upole ule ule kwamba Jumatatu aje kukabidhi kitambulisho chake cha mlangoni. Akajipaka dawa mikononi, akatoka. Bi Vitufe aliogopa, kwa sababu kazi hiyo aliipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Alianza kufungasha nyaya. Yule mzee wa nyuma akauliza anakwenda wapi. Hiyo mashine si imo? Basi azime huo ubebaji, watu waone daraja lenyewe. Akauzima. Wakapanga foleni, wakaanza kuanguka. Mzee alianguka ubao wa kwanza, akaambiwa ameanguka kama gunia. Katibu alifika wa tano, akaipigia kelele mvua. Walianguka, wakatukana upepo, wakasukumana, wakataka zamu nyingine, na Bi Vitufe akiwa amepiga magoti kando ya runinga hakujua afanye nini na mikono yake.

Mwishoni pedi ikamfikia Mjomba. Fimbo ikagonga. Akavuka wa kwanza, akavuka wa pili. Wa tatu akaanguka.

"Ubao wa tatu," Mjomba akasema. "Mlio umekuja nikiwa hewani tayari. Andika, fundi."

Hakumwita mpwa wangu. Hakuwa amemwita hivyo tangu jana, na Bi Vitufe hakujua kama atamwita tena, wala lini. Akatafuta kalamu ndani ya mkoba, akaandika: ubao wa tatu, mlio umechelewa.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Tena," Mjomba akasema, akaanguka ubao wa pili. "Andika."